Kungoja Neno

Mwezi wa Januari, mjini Leicester, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na hata likichomoza halina haraka ya kujionyesha. Mimi ni mtu wa Tanga, mwili wangu ulikataa kubadili saa. Kila siku nililitangulia jua kwa saa tatu nzima, nikakaa jikoni kwa mdogo wangu nimejitanda shuka la kimasai, nikingoja nyumba iamke. Ndivyo nilivyopata kuiona shule yao ikifunguliwa, asubuhi baada ya asubuhi, kwa wiki tisa.

Haina kengele. Saa moja na robo shemeji anaingia kutoka zamu ya usiku ghalani, anavua viatu mlangoni, na watoto watatu wanashuka ngazi kumpokea. "Shikamoo Baba." "Marahaba." Wao wanakunywa chai ya asubuhi, yeye anakula wali wa jana ambao kwake ndio chakula cha usiku. Nusu saa ile hakuna anayeigusa, hata simu zinageuzwa kifudifudi. Kisha baba anapanda juu kulala, na nyumba nzima inashusha sauti. Saa tatu mdogo wangu anafuta meza kwa kitambaa chenye maji, anaikausha, anaweka sinia la unga ncha hii, madaftari katikati, kamusi na kompyuta ncha ile. Watoto wakiona kitambaa kimeanikwa, wanajua wameingia darasani.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwalimu. Niliingia kazini mwaka 1976, nina miaka 17, nimemaliza darasa la saba tu. Lilikuwa lile jeshi la vijana waliokusanywa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ili kila mtoto wa Tanzania apate nafasi shule ya msingi. Ualimu tulijifunza huku tunafundisha: saa hizi uko mbele ya watoto, saa zile uko mbele ya mkufunzi, na usiku una vijitabu vya masomo kwa njia ya posta na redio ya jirani. Mpango wenyewe uliitwa UPE, na watu walitutania kwamba maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nilicheka nao. Nilikuwa na watoto 92 na vipande vitatu vya chaki, nisingecheka ningelia.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mdogo wangu amewatoa wanawe shule anawafundisha mwenyewe jikoni, nilikasirika kama seremala aliyesikia jirani anajichongea kitanda kwa kisu cha vitunguu. Nilipanda ndege hoja zangu zikiwa mfukoni.

Ya kwanza niliitoa siku ya pili. "Serikali inakuruhusu?" Hakubishana. Alinieleza kwamba Uingereza sheria inamlazimu mtoto apate elimu, haimlazimu apate shule. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 kinamtaka mzazi ahakikishe mwanawe anapata elimu ya kutosha, ya muda wote, inayolingana na umri wake na uwezo wake, ama kwa kuhudhuria shule au vinginevyo. Sheria ya mwaka 1944 nayo ilisema hivyo hivyo. Familia nzima inaishi ndani ya hayo maneno mawili, "au vinginevyo". Mzazi hadaiwi cheti cha ualimu wala hafungwi na mtaala wa taifa. Lakini halmashauri ina haki ya kuuliza watoto wanasoma nini, na isiporidhika inaweza kuamuru warudi shuleni. Ndiyo maana chini ya ngazi kuna sanduku la kila mtoto: kazi zake, picha, orodha ya vitabu, vyote na tarehe. Nimekagua maandalio ya masomo ya walimu kwa miaka mingi nikiwa mwalimu mkuu, na sikumbuki kuona yaliyopangwa vile.

Kwetu habari ni nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto wa miaka saba aandikishwe shule na ahudhurie, basi msomaji wa Tanzania asidhani ninamwambia akaige. Ninasimulia nilichokiona kwa fundi.

Sababu ya kuwatoa shule sitairefusha. Kifungua mimba wao, alipokuwa na miaka minane, aliacha kusema darasani. Hakuwa mkaidi wala mzito wa akili. Alinyamaza tu, mwaka mzima. Basi wakamrudisha nyumbani kwa muhula mmoja, na muhula ule haujaisha mpaka leo. Ana miaka 14.

Nilichokuja kukitazama kwa makini ni ncha ile ya meza yenye sinia, alipokaa kitinda mimba wa miaka mitano.

Mdogo wangu aliamua huyu asome Kiswahili kwanza na Kiingereza baadaye. Kuna mapenzi ya lugha hapo, lakini kuna na hesabu ya fundi. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja inatamkwa vile vile popote uikutapo. Silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu. Mtoto akishajua kuunga "k" na "a", ameshafungua mlango ambao hautafungwa nyuma yake. Kiingereza hakimfanyii mtoto hisani hiyo. Watafiti waliolinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya walikuta wale wa Kiingereza wanatumia zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao kufika pale pale pa kuanzia. Mdogo wangu anampa mtoto ushindi kwanza, kisha ndipo ampeleke vitani.

Hakuanza na a, b, ch, d. Alikata maboksi ya nafaka za asubuhi akatoa kadi, akaandika herufi nne, m, k, t, l, na irabu moja tu, a. Kwa wiki mbili mtoto hakuonyeshwa nyingine. Nikaona uchoyo. Halafu nikaanza kuhesabu maneno yanayotoka kwenye kadi zile: mama, kaka, lala, kata, taka, kama, kamata. Herufi tano, na tayari kuna watu na kuna vitendo. Siku mtoto aliposoma "kaka lala", alishuka kitini, akaenda ncha ya pili ya meza akamwambia kaka yake, kwa uso mkavu, alale. Kaka mtu akalaza kichwa juu ya kamusi akakoroma. Yule mdogo alirudi mbio kwenye kadi zake kutafuta amri nyingine. Mimi katika miaka yangu yote niliwafundisha watoto kwamba maandishi yanasema. Sikuwahi kufikiri kuwaonyesha kwamba maandishi yanatuma.

Sinia lina unga wa sembe, umetandazwa mwembamba kiasi cha kuona bati chini yake. Kabla ya kuandika, mama anaichora herufi kwa kidole mgongoni mwa mtoto, polepole, naye anaitambua kwa ngozi. Kisha anaiandika kwenye unga. Akikosea anatikisa sinia, kosa limekwenda. Nilimuuliza kwa nini asitumie penseli. Akasema raba huacha doa jeusi, na mtoto huyu akiona doa hageuzi ukurasa, anabaki palepale analiangalia. Nikakumbuka tulivyokuwa tukiwatoa watoto nje wakaandika mchangani kwa sababu madaftari hayakufika. Tuliona ni dhiki, na ilikuwa dhiki kweli, lakini wale watoto walikuwa wepesi wa kuandika na sikujiuliza kwa nini.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Siku moja mtoto alikutana na "kamata". Akasema "ka". Akasema "ma". Akasimama. Mimi nilikuwa nimekaa kando namenya viazi, na "ta" ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi wangu. Mdogo wangu alinikanyaga mguu chini ya meza bila kunitazama. Hakumtazama na mtoto vilevile. Alikuwa anaangalia kadi, kana kwamba na yeye hajui inaishia wapi. Nilihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Nikafika kumi na moja. Jikoni ilisikika friji tu. "Ta," mtoto akasema. "Kamata!" Na mama akaigeuza kadi kama vile hakuna kubwa lililotokea, akaleta nyingine.

Usiku, wakati wa kuosha vyombo, nilimuuliza kwa nini hakumtazama. "Nikimtazama ataacha kusoma neno asome uso wangu, Kaka," alisema. "Na uso wangu ni rahisi kuliko neno."

Kuanzia hapo niliacha kumenya viazi. Nilikaa kama mwanagenzi. Nikagundua kwamba ukimya wa mtoto haukuwa mmoja. Kuna mtoto aliyenyamaza anatafuta: midomo inachezacheza, kidole kiko juu ya kadi. Huyo anangojewa hata mpaka chai ipoe. Kuna aliyekwama kweli, na macho yake hukimbilia darini. Huyo mama anaufunika mwisho wa neno kwa kidole gumba, inabaki silabi moja peke yake, akiipata anasogeza gumba. Aliyechoka hujulikana kwa miguu. Miguu ikianza kubembea chini ya kiti, kitabu kinafungwa, hata kama yamebaki maneno mawili. Hatupi lawama, hasemi "tumalizie". Somo la mtoto yule halikuwahi kuvuka dakika ishirini, mara nyingi lilikomea kumi na mbili, na mimi niliyefundishwa kwamba kipindi ni kipindi nilikuwa nikitazama saa ya ukutani kwa uchungu.

Palikuwa na vikwazo, na kila kikwazo alikuwa amekitengenezea kijitundu cha kupitia. Neno "mtu" lilimtesa mtoto, kwa maana "m" ile haina irabu ya kuishika. Akasoma "matu", akasoma "mitu". Mama akamwambia afunge mdomo apige kofi, kisha aufungue apige kofi la pili. M, tu. Makofi mawili, silabi mbili. "Mbwa" na "nchi" zikafuata mlango ule ule. Ile alama inayokaa juu kwenye "ng'ombe" aliibatiza pembe. Ukiona pembe ni ng'ombe, usipoiona ni ngoma. Mtoto alizunguka nyumba nzima akitafuta maneno yenye pembe. Nilitaka nami nichangie, nikaandika "barabara" nikamwuliza mama mtu atamfundishaje tofauti ya ile ya magari na barábara yenye maana ya sawasawa. Akacheka: "Kaka, hiyo subiri kidogo. Wewe mwenyewe ulijua lini?"

Kiingereza nacho hakikungoja kualikwa. Kiko kwenye maboksi, kwenye mabasi, kila mahali. Mtoto aliuliza mbona neno lao la "mbili" lina "w" isiyosikika. Nilidhani mama atasema Kiingereza ni wazimu, kama nilivyowaambia wanafunzi wangu. Alisema "w" hiyo imelala. Na "k" inayotangulia katika neno lao la "goti" nayo imelala, ila zamani ilikuwa macho, watu waliitamka. Ni kweli tupu, karne chache tu zilizopita waliitamka. Mtoto sasa akikutana na herufi bubu huinong'oneza asiiamshe.

Wa kati ni binti wa miaka tisa, msemaji. Naye ana njia yake, ambayo asili yake ni ya Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923 baada ya kuishi na kufundisha miaka mingi huko Ambleside. Mama huyo alishikilia kwamba mtoto asomewe kitu kizuri mara moja tu, kisha akisimulie chote kwa maneno yake, bila kuulizwa maswali. Mara moja tu, kwa sababu mtoto akijua kitarudiwa hatasikiliza. Mdogo wangu aliipata habari hiyo kwa akina mama wenzake wanaokutana maktaba, akaitia chumvi ya kwetu.

Jumanne moja tulikwenda kanisa kuu la mji kuona kaburi la mfalme Richard III. Huyu aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485, akazikwa mjini hapo bila heshima, kaburi likapotea. Mwaka 2012 wakachimba chini ya maegesho ya magari wakamkuta, uti wa mgongo umepinda kama upinde, na mwaka 2015 wakamzika upya kwa shughuli ya kifalme. Watu walikuwa wachache, watoto wa mji mzima wako madarasani. Binti alitazama, hakuandika lolote. Kesho yake asubuhi baba alipokuwa akila wali wake, akapaza sauti: "Paukwa!" Sote tukaitika: "Pakawa!" Na mfalme akaanza kuishi, akapanda farasi, akaanguka, akasahauliwa, akaegeshewa magari kichwani. Shemeji, macho mekundu kwa kukesha, aliacha kijiko hewani.

Mama hakuuliza swali hata moja. Lakini nyuma ya daftari lake aliandika mstari mmoja: binti hakusema nani alimshinda mfalme. Wiki iliyofuata, bila kutangaza, aliwasomea habari za huyo mshindi, Henry Tudor. Kule kwetu mimi ningetoa zoezi la maswali kumi na kalamu nyekundu.

Kwa yule mkubwa mdogo wangu anafundisha kidogo sana. Kijana anajisomea fizikia na hesabu, anajiandaa kufanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, jambo linalowataka wazazi watafute kituo kitakachompokea na kulipia kila somo kutoka mfukoni. Anapokwama mama humwambia, "Sijui. Hebu tutafute." Nilimsikia akilisema neno hilo mara tatu kwa asubuhi moja na dunia haikuanguka. Jioni kijana alinitoa jasho kwenye bao. Wana bao la kuchonga lakini kete ni gololi, 64 kamili, na zinateleza. Tulipotoka kwenye namua tukaingia mtaji, aliona mzunguko wa kete zake kabla hajazigusa, mashimo yote, mpaka mwisho. Alinila vibaya. Alizungumza mchezo mzima, yule aliyenyamaza mwaka mzima.

Nilipopiga simu Tanga kuwasimulia, shangazi yetu aliguna: mambo ya Wazungu hayo. Nilimkumbusha Mwana Kupona binti Mshamu wa Lamu, aliyemtungia utendi binti yake kiasi cha mwaka 1858, mwenyewe akiwa mgonjwa wa kitanda, ili mtoto apate mafunzo ya mama hata mama akiondoka. Shangazi akasema utendi si hesabu. Hapo alinishika.

Wala sitaki mtu afikiri nyumba ile ni pepo. Mdogo wangu ana shahada ya uhasibu iliyolala kabatini, mshahara unaoingia ni mmoja, na ziko siku aliingia chooni akafunga mlango akakaa humo robo saa kwa sababu ndicho chumba pekee chenye komeo. Wenzao watoto wanawapata madrasa jioni na Jumatano bustanini pamoja na familia nyingine kama yao. Mvua ikinyesha Jumatano, nyumba inakuwa ndogo sana. Naye hakunificha kwamba hajui kama angeweza haya akiwa na watoto kumi, seuze 92.

Usiku mmoja, tukiwa wawili, niliuliza kazi hii ya kungoja amejifunza kwa nani. Alikausha sahani muda mrefu.

"Kwako, Kaka."

Nilitabasamu kama mjinga. Ni kweli nilimfundisha kusoma, mwaka 1984, alikuwa na miaka mitano nikawa namchukua darasani kwangu.

"Ulikuwa unanimalizia neno," alisema. "Nikisema 'ki', nikisema 'ta', wewe tayari 'bu'. Kila neno. Nilifika darasa la tatu sijui kama ninajua kusoma au ninajua kuanza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema kila kitu mezani pale, kwa uso ule ule. Nilipanda kulala nikapiga hesabu ya miaka 43 ya kufundisha, nikaiacha njiani.

Kitabu cha kwanza cha kitinda mimba alikiandika mama mwenyewe kwa mkono na kukishona kwa uzi mweusi. Ni habari za paka aliyeiba samaki. Kina kurasa 16. Alhamisi ya wiki yangu ya mwisho mtoto alikipeleka kwangu, akaketi miguuni, akaanza. Ukurasa wa kumi na moja palikuwa na neno "akanyatianyatia". Alifika "akanya" akasimama. Nilitazama ukurasa. Nilihesabu mpaka kumi na tisa. Kisha akalisoma, na kurasa zilizobaki akazisoma, na mimi sikummalizia neno hata moja.